Jumamosi ya Udongo, Jumatatu ya Fimbo

Bango lilifika Kasesya kabla ya watoto. Lilikuwa na urefu wa mita tatu, limechapishwa Mbeya, lina nembo nne na maneno makubwa kuhusu sanaa, michezo na asili. Tulilifunga kati ya mikaratusi miwili. Watoto walipofika walilisoma kwa sauti, kisha wakakaa chini kwa mistari bila kuambiwa, wavulana huku na wasichana kule, wakasubiri ruhusa ya kucheza.

Nilikuwa mmoja wa wawezeshaji. Nasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu unahusu namna watoto wanavyojifunza nje ya darasa. Shirika lililoandaa warsha lilihitaji mtu anayejua kuandika ripoti, mimi nilihitaji watoto wa kuhoji. Tulielewana haraka.

Kama hujafika, Kasesya ni mpakani, wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa. Ukivuka geti uko Zombe, Zambia, na barabara inaendelea hadi Mbala. Mpaka huo waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 walipokuwa wanagawana ardhi wasiyoijua, ukawapitia katikati Wamambwe na Walungu. Ndiyo maana mtoto wa hapa anaweza kumsalimia bibi yake kwa Kimambwe, kununua pipi kwa Kibemba na kujibu mtihani kwa Kiswahili, yote siku moja. Kwenye ripoti yetu tuliandika kwamba watoto wa Kasesya wana changamoto ya lugha.

Tuliwagawia udongo wa rangi wa dukani, ule laini unaouzwa kwenye vikopo. Maelekezo yalikuwa: tengenezeni nyumba. Mvulana mmoja wa miaka kama kumi aliunusa ule udongo, akaurudisha kwenye kopo, akaondoka. Nilidhani amekasirika. Alirudi baada ya nusu saa, fulana ameikunja mbele kama kikapu, ndani yake bonge la udongo wa kijivu wa mtoni. Hakutengeneza nyumba. Alitengeneza lori. Lilikuwa na tela, turubai lililofungwa kwa nyuzi za katani, tairi la akiba chini ya bodi, na chini kabisa, kwenye kivuli cha lori, dereva amelala chali amejifunika kofia usoni. Madereva wa mpakani hulala hivyo wakisubiri karatasi zao. Vijiti alivitumia kama ekseli, na matairi yalizunguka.

Kwenye fomu yangu kulikuwa na kipengele kinachosema "anafuata maelekezo". Nilimpa mbili kati ya tano.

Jioni tulipokuwa tunakunja bango alinifuata. "Madam, na Jumatatu?" Tulikuwa tumewaambia watuite dada na kaka, lakini hakuna aliyethubutu. Nikamjibu kwamba Jumatatu ni shule. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye alikuwa anajua jibu na alitaka tu kusikia nitalisemaje.

Jumatatu nilikuwa kwenye shule moja ya upande ule, ambayo sitaitaja, kibali changu cha utafiti kikiwa ndani ya bahasha. Wanafunzi walikuwa mstarini. Mbele yao watoto sita wamepiga magoti, na yeye alikuwemo, shati jeupe lina madoa ya udongo kifuani. Kwenye meza ya mwalimu wa zamu kulikuwa na vitu vilivyokamatwa kwenye mabegi: gololi, manati, simu mbovu isiyo na betri, na lori la udongo lililong'oka tairi moja. Alichapwa viboko vitatu. Hakulia. Aliponiona aligeuza uso, kama mwenyeji aliyekutwa na mgeni wake mahali pa aibu.

Sikusema neno. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Ningeweza angalau kuuliza daftari liko wapi. Lakini nilihitaji sahihi na mhuri wa shule ile kwenye fomu zangu, nikanyamaza. Nikapewa kiti na chai.

Mwalimu aliyemchapa si mtu mbaya. Ana watoto 94 kwenye chumba kimoja. Alinieleza bila kuona haya: wazazi wanalalamika sare zinachafuka, wakubwa wanauliza ufaulu, na mtihani wa darasa la nne haumuulizi mtu kutengeneza lori. Kisha akaniuliza mimi, msomi: "Sasa dada yangu, hilo lori litamvusha?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu, limechelewa miezi kadhaa.

Ninachosema ni hiki, na kinanigusa mimi kwanza: warsha ya Jumamosi ambayo haigusi Jumatatu haimsaidii mtoto. Inatusaidia sisi tulioiandaa. Tunamfundisha kwa siku moja kwamba mikono yake ina akili, kisha tunamrudisha mahali ambapo mikono hiyo hiyo inachapwa kwa kuchafua shati, na sisi tunapanda gari. Kwa mtoto hayo ni masomo mawili yanayopingana, na anajua vizuri lipi lina mtihani.

Usinielewe vibaya, nimekuwa upande wa pili wa meza hiyo. Nimekulia Sumbawanga. Nilipokuwa shule ya msingi, ratiba ukutani ilikuwa na somo la Haiba na Michezo na somo la Stadi za Kazi. Mitihani ikikaribia, na mitihani ilikuwa inakaribia wakati wote, vipindi hivyo vilimezwa na Hisabati. Vilipobaki, Stadi za Kazi ilimaanisha agizo: kesho kila mtoto alete fagio. Wiki nyingine mpini wa jembe. Mafagio yalikusanywa, yakahesabiwa, yakaingia stoo ya shule. Bibi yangu alinikalisha chini jioni nzima akinionyesha namna ya kuchagua nyasi, kuzilinganisha, kuzikaza mpaka fagio lisimame lenyewe. Mwenzangu alinunuliwa lake sokoni. Wote tulipata vema. Hakuna mwalimu aliyeuliza nani alilitengeneza na kwa namna gani. Siku hiyo nilijifunza kwamba alichokijua bibi yangu hakikuwa na alama.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Kwenye Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliandika kwamba shule tuliyorithi inamfanya kijana aamini maarifa yote yenye thamani yako vitabuni au kwa waliosoma, na awadharau wazee wake kama wajinga. Tuliupokea waraka ule kwa shangwe na tukautekeleza kwa namna yetu. Leo mtoto akichelewa namba anapelekwa kulima shamba la shule. Kazi iliyokusudiwa kuwa darasa tumeigeuza adhabu, halafu tunashangaa vijana wakikimbia jembe.

Na wazee wa uwanda huu walikuwa na mengi ya kufundisha. Chukua tuta la Kifipa. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima anakata nyasi na tabaka la juu la udongo, anazifukia ndani ya tuta la mviringo, anapanda maharage juu. Nyasi zinaoza humo ndani. Msimu unaofuata tuta linatawanywa na ulezi unapandwa kwenye udongo ulioshiba. Mtoto anayemfuata mama yake shambani anaona mboji, anaona mzunguko wa mazao, anaona kinga ya mmomonyoko, miaka mitano kabla ya kukutana na maneno hayo ubaoni. Akikutana nayo ubaoni, hakuna anayemwambia kwamba ndiyo yale yale.

Chukua malungu, zile tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma ambazo magofu yake bado yamesimama sehemu mbalimbali za Ufipa. Zilikuwa ndefu kumzidi mtu mzima, na zilifanya kazi bila mivukuto, kwa matundu ya chini yaliyovuta hewa yenyewe. Hiyo ni fizikia, kemia na ufinyanzi kwa pamoja. Katika miaka yangu saba ya shule ya msingi sikupelekwa kuona hata moja.

Chukua uyoga wa masika. Mtoto wa miaka saba anajua upi unaliwa, upi unasubiri, upi unaua, na anajua uko chini ya mti gani. Mtihani wa uyoga hauna marudio. Mtoto aliyeufaulu kila mwaka tunamwandika kwenye fomu kwamba ana uelewa mdogo wa mazingira yake, kwa sababu hakuweza kutaja faida tano za misitu.

Ukitoka Kasesya ukavuka mpaka hadi Mbala, kuna Makumbusho ya Moto Moto. Humo zimehifadhiwa mbusa, sanamu za udongo na vyombo vilivyotumika kwenye unyago wa wasichana wa Kibemba. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na somo lake: ndoa, kazi, mipaka, heshima. Unaweza kupinga baadhi ya yaliyofundishwa, na mimi napinga. Lakini kama njia ya kufundisha, mtaala mzima ulikuwa umefinyangwa, ukachezwa, ukaimbwa. Leo tunafika na bango kuutambulisha ufundishaji kwa sanaa kwa wajukuu wa watu hao, kana kwamba tumeugundua kwenye semina.

Kama hilo halitoshi, mto Kalambo uko hapo hapo, ule unaogawa nchi mbili na kuanguka zaidi ya mita 200. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, moja limekalia pengo la jingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: umri wake ni miaka takribani 476,000. Binadamu wa aina yetu hakuwa amezaliwa bado. Kiumbe fulani alikaa kando ya mto huo, akatazama mti, akafikiri, akachonga. Hatujapata popote duniani ushahidi wa zamani kuliko huo wa mtu kuunganisha mbao. Na hapo jirani, mtoto anachapwa kwa kuunganisha udongo na vijiti.

Sasa turudi kwenye warsha yenyewe, maana nilitaka kuandika kuhusu shule tu, lakini hiyo ingekuwa njia rahisi ya kujiosha. Siku ya maandalizi nilipendekeza tumlipe mama mmoja mfinyanzi wa pale awe mwalimu wetu wa udongo. Anatengeneza vyungu na mitungi, anajua udongo wa bonde gani unapasuka motoni na upi hauwezi kupasuka. Wazo lilipendwa. Likafia kwa mhasibu. Mama hana risiti ya EFD. Bila risiti malipo yake yangekuwa hoja ya ukaguzi. Duka la Mbeya lina risiti. Kwa hiyo tukanunua udongo wa vikopo Mbeya, tukaupakia kwenye gari, tukausafirisha kilomita mamia kuuleta kijiji chenye udongo. Mama mfinyanzi alikuja kama mzazi, akakaa nyuma, akapewa soda na maandazi, akasaini fomu ya mahudhurio.

Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi. Tunahesabu watoto, tunahesabu karatasi za manila, tunapiga picha mikono yenye rangi. Fomu ya kabla na fomu ya baada zinaonyesha kujiamini kumepanda. Kumepanda lini? Kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Hakuna fomu ya Jumatatu. Nimesoma ripoti za warsha nyingi kwa ajili ya tasnifu yangu na sijakutana na hata moja iliyorudi kumwuliza mtoto kilitokea nini alipokibeba shuleni alichokitengeneza.

Najua utakachoniambia. Rukwa ina watoto waliodumaa. Unaongelea malori ya udongo? Ni swali halali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, katika mkoa unaolisha wengine mahindi. Lakini hebu tazama takwimu hiyo vizuri. Maghala yamejaa na watoto wamedumaa. Basi tatizo si gunia peke yake. Lipo kwenye kinachowekwa pamoja na ugali, kwenye usafi wa maji, kwenye mzigo wa mama asiye na muda. Shamba la shule lingeweza kuwa mahali pa kujifunza hayo, kwa maharage, mboga na kuku, watoto wakipima, wakichora, wakipika. Tumelifanya mahali pa kutumikia adhabu ya kuchelewa. Mtoto mwenye njaa anahitaji chakula kwanza, sibishani. Ila sijaona shule iliyofuta sanaa ili ipike uji. Nimeona zilizofuta vyote viwili.

Utaniambia pia nisiyapambe maisha ya kijijini. Sawa. Kuna watoto Kasesya wanaobeba mizigo ya magendo usiku, na kuna wanaochunga ng'ombe badala ya kusoma. Kuwa nje si lazima kuwe kujifunza. Siwatetei wazazi wanaomwita mtoto shambani siku ya mtihani. Ninachokitaka ni shule, tena shule nzuri zaidi, inayouliza mtoto anajua nini kabla ya kumwambia hajui kitu.

Na inawezekana, kwa sababu imewahi kufanyika nchini kwetu. Mwaka 1996, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, mradi wa sanaa za maonyesho kwa wasichana wa sekondari. Wasichana walichambua wenyewe kinachowakwamisha, wakakiigiza mbele ya walimu na wenzao, kisha wakajadili nini kifanyike. Sanaa ilikuwa imeingia getini kwa shule, siku za shule, na waliokuwa na mamlaka walikaa kwenye hadhira wakisikiliza. Baadaye FAWE ikaipeleka kwenye nchi nyingine za Afrika. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1991, wanafunzi 12 walikutana na Jane Goodall barazani kwake Dar es Salaam wakiwa na wasiwasi wao wenyewe kuhusu mazingira waliyoyaona yakiharibika. Kutoka hapo ikazaliwa Roots & Shoots, ambayo leo iko katika nchi nyingi. Kote kuwili watoto ndio walioleta hoja. Watu wazima walikuja kuifanyia kazi.

Safari hii hata karatasi ziko upande wetu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi. Ninaogopa litapata hatima ya Stadi za Kazi, yaani mafagio stoo. Lisipate hatima hiyo, sisi tunaopenda warsha tunapaswa kuacha kufunga mabango chini ya mikaratusi na kuhamia humo ndani ya ratiba.

Kwa vitendo namaanisha hivi. Fedha ya bango, fulana na vikopo vya udongo imlipe mama mfinyanzi muhula mzima, kwa karatasi ya kawaida yenye dole gumba lake na sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, na wahasibu wetu watafute namna ya kuikubali, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Mzee anayejua malungu aingie darasani kipindi cha Sayansi, au darasa limfuate yaliko. Mtoto aruhusiwe kueleza jambo kwa Kimambwe au Kifipa kwanza, kisha atafute maneno yake ya Kiswahili, bila kuvishwa kibao shingoni. Kila shirika linaloomba kufanya warsha na watoto lisaini kwanza makubaliano na shule yao kwamba kilichotengenezwa kitapokelewa, kitatazamwa na kujadiliwa darasani. Shule ikikataa, basi Jumamosi iahirishwe, na kazi ya kwanza iwe kuzungumza na walimu. Hawa wenye watoto 94 hawahitaji mgeni wa kuwaonyesha furaha. Wanahitaji mikono ya ziada.

Na fimbo ikae pembeni. Huwezi kumfundisha mtu kujaribu mahali ambapo kosa linauma makalioni.

Lori liko mezani kwangu, chumbani, mamia ya kilomita kutoka lilikotengenezwa. Siku ile nilimwomba mwalimu anipe, akanipa kwa furaha, "kama litakusaidia kwenye masomo yako." Nililifunga kwenye kanga. Mwenye lori sikumwomba. Kwenye orodha ya viambatisho vya tasnifu nililiandika kama sampuli namba 7.

Wiki iliyopita nilimpigia simu yule mwalimu. Nilimwambia kwamba bado sijui kama lori litamvusha mtoto kwenda kidato cha kwanza, lakini mtoto anayeweza kuona ekseli, mzigo, kivuli na uchovu wa dereva, akavifinyanga vyote kwa kumbukumbu, hajashindwa kufikiri, na sisi ndio tumeshindwa kumpima. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kuna kipindi cha Sanaa na Michezo, dakika 40, ambacho huwa anakitumia kusahihisha madaftari, na naweza kukichukua. Nije na mama mfinyanzi, nije na maji ya kunawa, mashati yavuliwe kwanza. Na nikiona ufaulu umeshuka, akasema, nitakuandikia barua huko chuoni kwenu.

Nikamuuliza ni siku gani. Akafungua ratiba, nikasikia karatasi.

"Jumatatu," akasema. "Saa nne na nusu, baada ya mapumziko."

Nimeshakata tiketi. Sampuli namba 7 nimeifuta kwenye orodha. Tairi lililong'oka ninalo, limezungushiwa pamba ndani ya kiberiti, ila sijalibandika. Atalibandika mwenyewe.